Mashine Inapoandika «E»: Maana ya Alama za Hitilafu katika Vyombo vya Umeme vya Nyumbani

Zamani chombo cha nyumbani kilipoharibika kilinyamaza tu. Pasi ilikataa kushika moto, feni iligoma kuzunguka, na mwenyewe alibaki kukisia sababu. Siku hizi mambo yamegeuka. Mashine ya kufulia nguo, friji, jiko la umeme, hata tanuri ndogo ya kupashia chakula, vyote vina kidirisha chenye nuru, na siku ya shida kidirisha hicho huandika herufi au tarakimu chache: «E18», «5C», «UE», «dE». Mama wa nyumba hutazama, akasema: «Basi, imekufa.» Kijana wake aliye sekondari hutazama naye, akasema: «Mama, nipe bisibisi.» Wote wawili wamekosea, na kosa la kijana ndilo la hatari zaidi.

Ndugu wasomaji, yafaa tujue alama hizi zatoka wapi na zasema nini hasa. Tena yafaa tujue kazi ya mwenye nyumba yakoma wapi na kazi ya fundi yaanzia wapi. Jambo hili la mwisho si la kuokoa fedha tu. Lahusu uhai wa watu, hasa watoto na vijana wapendao kufungua kila kitu.

Nani aandikaye?

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilianza kuuza kijidude kilichoitwa 4004, yaani ubongo wa kompyuta uliobanwa katika kipande kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole. Katika miaka iliyofuata vijidude vya namna hiyo vilishuka bei, vikaingia katika vyombo vya jikoni na vya kufulia. Tangu hapo mashine si injini na mkanda tu. Imo ndani yake akili ndogo inayohesabu, inayokumbuka na inayongoja.

Lakini ubongo usio na viungo vya fahamu hauna kazi. Kwa hiyo waundaji wameitia mashine vihisio. Chukueni mashine ya kufulia. Kando ya pipa lake pana mrija mwembamba. Maji yapandapo, hewa iliyofungiwa mrijani hubanwa, na kihisio hupima kubanwa huko. Ndivyo mashine ijuavyo kimo cha maji. Pana kitu kingine kidogo ambacho, kadiri kinavyopata joto, huzidi kuupisha umeme; kwa hicho mashine hujua kama maji ni ya baridi au ya moto. Kufuli la mlango lina swichi yake. Injini ina kihisio cha kuhesabu mizunguko. Katika mashine nyingine pana boya dogo kwenye sinia ya chini, likinyanyuliwa na maji yaliyovuja hutoa habari mara moja.

Sasa tazameni jinsi ubongo huo ufikirivyo. Umefungua njia ya maji, nao waanza kuhesabu dakika. Zikipita dakika zilizowekwa na maji hayajafika kimo chake, hausemi «koki imefungwa», wala hausemi «leo mtaa mzima hauna maji», kwa maana haujui. Wajua neno moja tu: maji niliyoyangojea hayakuja. Basi huandika alama ya neno hilo na kusimama.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Alama hutaja dalili, haitaji ugonjwa. Mtoto akipelekwa zahanati, kipimajoto chaonyesha digrii 39. Kipimajoto hakikusema uongo, lakini hakikusema pia kama ni malaria, au homa ya matumbo, au sikio lililooza. Muuguzi mwenye akili hatoi dawa kwa kutazama kipimajoto peke yake. Vivyo hivyo fundi anayesoma alama ya maji na kutangaza papo hapo kwamba bodi ya elektroniki imeungua, tena itagharimu nusu ya bei ya mashine mpya, aombwe kwa upole aeleze amejuaje.

Vijiti 7 vya nuru

Wanafunzi watauliza kwa nini mashine haiandiki kwa maneno ya watu: «Hakuna maji.» Sababu ni kidirisha chenyewe. Katika mashine nyingi kila alama imeundwa kwa vijiti 7 vya nuru vilivyopangwa kwa umbo la tarakimu 8. Vikiwaka vyote, waona 8. Kikizimwa kile cha katikati, waona 0. Kwa kuwa kila kijiti chaweza kuwaka au kuzimika, zipo namna 128 za kuviwasha. Zidisheni 2 kwa 2 mpaka zitimie 2 saba, nanyi mtaona. Ni nyingi, lakini si herufi zote zinazosomeka hapo. M, W, K na X hushindikana. Ndiyo sababu waundaji huzirudia zile zile zinazopatikana kwa urahisi: E, F, C, H, L, P, U, na d ndogo. E na F zenyewe zatokana na maneno ya Kiingereza na Kijerumani yenye maana ya kosa.

Tena hapo pana mtego. Tarakimu 5 na herufi S ni sura moja katika vijiti hivyo, na 0 ni sawa na O. Mashine za Samsung za miaka ya nyuma huandika «5E» maji machafu yanapokataa kutoka. Mashine za LG huandika «SE» kihisio cha injini kinapokosa kutoa habari. Ukizitazama kwenye kidirisha huwezi kuzitenga. Ya kwanza mara nyingi humalizwa na mama wa nyumba mwenyewe kwa kusafisha kichujio. Ya pili ni ya fundi.

Zipo pia alama zilizo sawa herufi kwa herufi, na maana zao zaachana kabisa. «OE» katika LG ni maji yasiyotoka. Katika Samsung za zamani «OE» ni maji yaliyozidi kimo. «LE» katika LG ni injini iliyokwama au kulemewa. Katika Samsung «LE» ni maji yanayovuja. Basi jirani akikuambia: «Hata yangu iliandika LE, nikapunguza nguo ikapona», mwulize kwanza mashine yake ni ya kampuni gani. Yeye alikuwa na mzigo mkubwa; pengine wewe una maji chini ya mashine yanayokaribia nyaya.

Kwa hiyo anayetafuta maana, iwe katika kitabu au kwa simu, atafute kwa jina la kampuni na namba ya mashine, siyo kwa alama peke yake. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko: katika mashine ya kufulia, kwenye ukingo wa mlango au mgongoni, katika friji, ukutani kwa ndani. Na kile kitabu cha maelezo, ambacho kwetu hutupwa pamoja na katoni siku ile ile ya furaha, kihifadhiwe mahali pamoja na hati za kiwanja na vyeti vya ubatizo. Kina ukurasa mmoja wenye alama zote, nao ndio wenye thamani kuliko kurasa nyingine zote.

Alama zisizo za ugonjwa

Si kila herufi ni habari mbaya. Katika mashine za LG «CL» yasema tu kwamba vitufe vimefungwa ili watoto wasivichezee. Hufunguliwa kwa kushikilia kitufe fulani kwa sekunde chache, kama kitabu kinavyoonyesha. «PF» katika mashine hizo yasema kwamba umeme ulikatika katikati ya kazi. Katika miji yetu ni alama ya kila juma, wala hakuna cha kutengeneza.

Kwenye majiko ya umeme yenye uso wa kioo mtaona «H» baada ya kuzima. Wengine hudhani jiko limeharibika. La, hasha! H hiyo yasema: kioo bado ni cha moto. Wazazi wawafundishe watoto wadogo herufi hii kabla hawajajua kusoma nyingine, maana kioo kilichozimwa hakina wekundu wowote wa kumwonya mtoto aweke mkono mbali.

Tena pana habari ya friji mpya. Tuseme baba amenunua friji iliyokuwa ikionyeshwa dukani. Ameifikisha nyumbani, ameiwasha, taa yawaka vizuri, lakini siku ya pili nyama imeoza. Katika friji kadhaa za Samsung kidirisha huonyesha «OF OF». Katika za LG huonyesha «OFF». Friji hiyo ni nzima. Imeachwa katika hali ya maonyesho, ambayo dukani huwasha taa bila kutengeneza baridi ili kupunguza umeme. Kitabu chaeleza vitufe vya kushikilia ili kuiondoa katika hali hiyo. Hakuna gesi ya kuongeza, wala hakuna fundi wa kulipa.

Na jiko la induksheni, likikataa kuwaka na kupiga mlio pamoja na alama, litazameni kwanza sufuria lililo juu yake. Jiko la namna hii hupasha chuma kwa nguvu ya sumaku. Sufuria letu la alumini, zuri kama lilivyo, kwa kawaida halikubali. Gusisheni sumaku kwenye tako la sufuria. Isiposhika, hilo si sufuria lake.

Kazi iliyo ya mwenye nyumba

Alama itokeapo, jambo la kwanza ni kuiandika au kuipiga picha kwa simu. Wengi huchomoa plagi kwa haraka, na kidirisha kinazimika pamoja na habari yote. Baada ya hapo zimeni, chomoeni plagi kwa mikono mikavu mkiwa mmevaa viatu, mkivuta plagi yenyewe wala si waya. Ngojeni kama dakika 10, kisha rudisheni. Alama nyingine zilitokana na umeme uliotetereka, nazo hazirudi tena. Lakini ikirudi, msifanye mchezo wa kuzima na kuwasha mara 20. Mashine imekwisha kusema neno lake.

Tunazo ishara za maji kuingia: «4E» au «4C» katika Samsung, «IE» katika LG. Tazameni koki kwanza. Tazameni kama mpira umepindika nyuma ya mashine. Kisha fungeni koki, fungueni mpira unaoingia mgongoni mwa mashine, nanyi mtaona wavu mdogo kama wa chujio la chai. Katika miji ambayo maji hukatika na kurudi na mchanga, wavu huo huziba mapema. Usafisheni kwa mswaki wa zamani.

Kama hayo yote ni mema, ulizeni juu ya pipa la maji. Nyumba nyingi zatumia pipa lililoinuliwa juu ya mnara mfupi. Mgandamizo wa maji hupimwa kwa baa (si ile ya pombe), na kila mita 10 za kimo cha maji hutoa karibu baa 1. Basi pipa lililo mita 3 juu ya mashine latoa baa 0.3 tu. Mashine nyingi zataka angalau baa 0.5, nyingine hutaka baa 1 nzima. Kitabu huandika kiasi. Hapo mashine yalalamika kila siku, mafundi wabadili koki ya ndani mara mbili, mara tatu, na shida yabaki pale pale, maana shida i juu ya mnara. Pampu ndogo ya kuongeza mgandamizo, au mashine inayokubali maji dhaifu, ndiyo dawa. Afadhali jambo hili liulizwe dukani kabla ya kununua.

Maji kukataa kutoka ni alama nyingine ya kila mahali: «5E» au «5C» kwa Samsung, «OE» kwa LG, «E18» kwa mashine za kufulia za Bosch. Hapa chanzo cha kawaida ni vitu vya mifukoni. Chini mbele ya mashine nyingi pana kijimlango, na nyuma yake kichujio cha pampu. Kabla ya kukigusa, plagi iwe imechomolewa, na kama nguo zilifuliwa kwa maji ya moto, ngojeni mpaka yapoe. Wapo walioungua miguu kwa kusahau neno hili. Wekeni beseni la chini na kitambaa, toeni maji kwa kimpira kidogo kama kipo, kisha zungusheni kichujio polepole. Mtakuta vifungo, sarafu, pini za nywele, pengine soksi ya mtoto. Kirudisheni kwa kukikaza sawasawa. Tazameni pia mpira wa kutolea maji: usibanwe na ukuta, wala mwisho wake usiinuliwe kupita kiasi kilichoandikwa, ambacho kwa mashine nyingi ni karibu mita 1 kutoka sakafuni. Ukilazwa chini kabisa nao huleta shida nyingine: maji hujitoa yenyewe wakati mashine yajaribu kujaza.

«UE», au «Ub» katika Samsung mpya, ni mzigo usio sawa. Blanketi moja peke yake hujikusanya upande mmoja, na mashine hukataa kuzunguka kwa kasi ili isijivunje. Simamisheni, tandazeni nguo, ongezeni taulo moja au mbili, na hakikisheni miguu yake minne yote yakanyaga sakafu. Kama mashine ni mpya na yatingishika kama lori barabarani, tazameni mgongoni: zile bolti ndefu za kuikaza safarini zilitolewa? Fundi wa dukani huzisahau. Mashine haifai kuwashwa hata mara moja kabla hazijaondolewa.

«SUD» au «Sd» ni povu. Unga wa sabuni uliotengenezwa kwa kufua kwa mikono hutoa povu jingi, nasi tumezoea kuona povu kama ushahidi wa usafi. Mashine yenye mlango wa mbele yataka sabuni yake yenye povu dogo, tena kidogo. Ikiandika alama hii, iacheni; yangoja povu lishuke yenyewe.

«dE» au «dC» ni mlango. Tazameni kama nguo imebanwa ukingoni. Msivute kwa nguvu: kufuli hukaa dakika moja, mbili, hata zaidi baada ya mashine kusimama, na maji yakiwa ya moto au bado yamo ndani halifunguki. Limewekwa hivyo kwa ajili ya mtoto.

Mpaka ni parafujo

Mtaona kwamba katika yote tuliyoyataja hapakutumika bisibisi kufungua mwili wa mashine. Huo ndio mpaka wenyewe, nao ni mwepesi kukumbuka: kinachofunguliwa kwa mkono ni cha mwenye nyumba, kinachofungwa kwa parafujo ni cha fundi. Alama za joto («HE» au «HC» kwa Samsung, «tE» kwa LG), alama za injini, za bodi na za kihisio cha maji ziko ng'ambo ya mpaka.

Tanuri ya mikrowevu ndiyo yenye kuua kuliko vyote. Ndani yake umeme wa volti 220 huinuliwa kupita volti 2,000, na kimo chombo kiitwacho kapasita kinachoweka umeme huo kama kisima kiwekavyo maji. Ukichomoa plagi, kisima bado kimejaa. Kijana aliyejihakikishia kwamba «nimekwisha kuchomoa» aweza kufa akiwa na plagi mkononi. Mikrowevu isifunguliwe nyumbani kwa sababu yoyote ile, hata kama ni ya kubadili taa tu.

Friji nayo ina hatari yake ya siri. Friji nyingi mpya hutumia gesi ya R600a, yaani isobutani, ambayo huwaka moto kama gesi ya kupikia. Kibandiko chake huitaja, pamoja na picha ya mwali. Ni gramu makumi kadhaa tu, lakini katika jikoni dogo lililofungwa zatosha kuleta msiba. Kwa hiyo barafu isibanduliwe kwa kisu wala bisibisi. Izimwe friji, barafu iyeyuke yenyewe. Na kama mrija umetobolewa, fungueni madirisha na milango, zimeni kila moto ulio wazi, msiwashe wala kuzima wala kuchomoa chochote cha umeme hapo karibu, kwa sababu ya cheche, kisha tokeni nje.

Maji yakiwa yamemwagika sakafuni, msiyakanyage ili kufikia plagi. Kateni umeme wa nyumba kwenye swichi kuu kwanza, ndipo mwingie. Kama mashine yaandika kwamba maji yamezidi («FE» kwa LG, «OC» kwa Samsung mpya), fungeni koki kabla ya yote, maana pengine pampu inatoa maji wakati koki mbovu ya ndani inazidi kuyaingiza. Ukichomoa plagi kwanza, utaisimamisha pampu, na maji yataendelea kupanda.

Lipo shauri linalozunguka sana kwenye simu: mashine ikiandika «E15» (katika mashine za Bosch za kuoshea vyombo) au alama nyingine ya maji kuvuja, iinamishwe ili maji ya sinia yamwagike, nayo itanyamaza. Ni kweli itanyamaza. Ni sawa na kuvunja kipimajoto ili homa isionekane. Maji yalitoka mahali, na yataendelea kutoka, tena kando ya nyaya. Fungeni maji, chomoeni, mwiteni fundi.

Neno juu ya waya wa ardhi. Ni ule wa rangi ya kijani na manjano. Nyumba zisizo chache zina matundu ya umeme yenye nafasi yake bila waya nyuma yake, na watu hukata pini ya tatu ili plagi iingie. Ukigusa mwili wa mashine ukahisi mkono unawashwawashwa kama umeguswa na upupu, hiyo ni alama ya hitilafu isiyoandikwa kwenye kidirisha chochote. Mashine isitumike tena mpaka waya wa ardhi uwepo na mashine yenyewe ipimwe. Pamoja na huo, fundi wa nyumba aweza kufunga kikatio cha usalama cha miliampia 30, ambacho hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Tofauti ikifika kiasi hicho, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wanafunzi, pimeni wenyewe: pasi ya wati 1,000 kwa volti 220 hutumia karibu ampia 4.5, yaani mara 150 ya hizo miliampia 30. Fyuzi ya ampia 10 hulinda nyaya zisiungue. Haimlindi mtu.

Umeme ukatikapo na kurudi

Volti ikishuka jioni, wakati mtaa wote wapika, mashine za Samsung huweza kuandika «9E», «9C» au «UC». Mashine yasema kweli: umeme hautoshi au umezidi. Kufua asubuhi mara nyingi huimaliza shida, na kile kisanduku cha kudhibiti umeme, stabilaiza, husaidia kama kina nguvu inayolingana na mashine; kidogo mno huungua chenyewe.

Umeme ukikatika, chomoeni friji. Ukirudi, ngojeni dakika 5 mpaka 10 kabla ya kuirudisha: kwanza kwa sababu umeme hurudi ukitetereka, pili kwa sababu kompresa iliyosimama ghafla ina gesi iliyobanwa upande mmoja, nayo yahitaji dakika chache kusawazika. Kulazimisha kuanza mara moja ndiko kunakoiua. Milango ikikaa imefungwa, friji hutunza baridi kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa kama siku mbili. Aliye na insulini ndani aikumbuke kabla ya nyama, maana insulini ambayo haijaanza kutumiwa yataka digrii 2 mpaka 8, na ikiganda imeharibika.

Kumwita fundi

Mwenye kusema «mashine haifanyi kazi» humlazimisha fundi kuja mara mbili: mara ya kutazama na mara ya kuleta kifaa, naye hulipwa zote mbili. Mwenye kusoma alama husema zaidi.

«Fundi, jambo. Mashine yangu ni LG, namba yake nimekutumia picha. Yaandika OE.»

«Umesafisha kichujio, mama?»

«Nimekisafisha, nilipata sarafu moja. Mpira haukupindika. Niliichomoa dakika 10, alama ikarudi. Pampu naisikia yanguruma, lakini maji hayashuki.»

«Vema, mama. Msiiguse tena, na watoto wasiisogelee. Nitakuja kesho na pampu nyingine ya namna hiyo.»

Atakapokuja, aombwe kuonyesha kifaa kibovu alichokitoa, na mashine ijazwe maji, ifue na kuyatoa yote mbele ya macho yenu, kabla hajalipwa.